Antalya ya Bi Khole

Katika Hail yote ya Maskati hapana mwanamke hodari wa safari kama Bi Khole. Masanduku yake huwa tayari mwezi mzima kabla, kila kitu na pahala pake, hata sindano ina kifuko chake. Kwa kufunga masanduku, naam, hodari. Kwa kusafiri kwenyewe bado, maana mara hii ya kwanza ya kwenda mbali alifika uwanja wa ndege wa Maskati, akauona ulivyo mzuri, akarudishwa.

Kosa lilikuwa pasipoti. Kwa kuogopa isipotee, Bi Khole aliitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo tupu la halua, kopo ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati akauvaa shingoni. Mwanawe Khalil alipoiomba aiangalie, alimjibu, "Iko salama, hebu nipumzishe." Na kweli ilikuwa salama. Hapana mkono ulioigusa wala jicho lililoiona, mpaka binti wa kaunta alipoifungua na kumwambia kwa adabu zote kuwa muda wake umekwisha tangu Shaabani.

Watu wengine wangerudi kwao, wakacheka, wakapika wali. Lakini Bi Khole alikuwa ameshaagwa. Siku mbili nzima alizunguka Hail nyumba kwa nyumba kutakana radhi na watu, "Nisameheni nilipokukoseeni, safari haina dhamana," na watu wakalia, wakamsomea dua, wakampa chupa za achari za kula njiani. Mtu aliyeliliwa asubuhi hawezi kutokea alasiri akauliza kama wali umebaki.

Na aliyelia kuliko wote alikuwa wifi yake, Mahbuba, dada wa marehemu mumewe, ambaye nyumba yake na ya Bi Khole zinatazamana.

Mahbuba huyu, mwaka juzi, alipelekwa na wanawe Iskandaria ya Misri kwa wiki moja, na tangu siku hiyo Bahari ya Mediterania imekuwa mali yake. Kwenye kahawa ya alasiri ukisema samaki ghali, yeye, "Nlipokuwa Iskandaria..." Ukisema goti linakuuma, "Ah, hewa ya Mediterania wifi, goti lingekimbia peke yake." Miaka miwili Bi Khole amenyamaza, anatafuna tende na hasira. Ndiyo Khalil alipomwambia wakati wa likizo umefika, hakusema anataka kupumzika. Alisema, "Nipeleke bahari ile ile ya Mahbuba, lakini upande mzuri zaidi." Khalil akatafuta, akapata Antalya, kwa Waturuki.

"Nikirudi leo," Bi Khole akamwambia pale uwanjani, amekalia sanduku lake, "Mahbuba atanizika hai, na kafani ataitoa Iskandaria. Sirudi. Niacheni hapa hapa, kuna kiyoyozi."

Manal, mkewe Khalil, akamwonea huruma. "Mama, Bustan, hapa hapa Maskati, kuna nyumba za kukodi, pwani kabisa. Tukae huko siku zetu, kisha turudi. Nani atajua?"

"Khalil, baba, bahari ya Bustan ina maji ya chumvi?"

"Ina, Mama."

"Na ile ya Antalya?"

"Nayo ina."

"Basi yallah. Maji ya chumvi hayaulizani pasipoti."

Na wallahi walistarehe! Bi Khole aliingia baharini na dira lake mwilini, maji yakamfika kifuani, akapiga kelele hata ndege wakahama. Alikula aiskrimu kabla ya chai ya asubuhi. Alivaa miwani ya jua ya Manal, akaivaa hata ndani ya nyumba, akajigonga na mlango wa friji, akauomba radhi. Mjukuu wake Jumana, anayesoma chuo, ndiye aliyekuwa mpiga picha. Nyumba waliyokodi ilikuwa nyeupe pepepe, ina maua ya zambarau yaliyotambaa ukutani, na Jumana alijua pa kukata picha, milima ya Bustan isitokeze hata ncha. Picha zikenda Hail kwa simu, na chini yake Bi Khole anatia maneno: "Antalya, asubuhi." "Antalya, baada ya kuogelea." "Antalya, nimechoka kwa raha."

Mwanzo Mahbuba alijibu kwa mashaallah na maua. Siku ya pili akauliza, "Mbona kila picha ukuta ule ule?" Siku ya tatu hakuuliza. Akapiga simu ya video.

Ilikuwa magharibi imeshaingia. Bi Khole yuko juu ya mswala, ndiyo kwanza anamaliza uradi wake, na simu inalia kama imeumwa na nge.

"Usipokee!" Manal akasema.

"Nisipopokea atajua."

"Mwambie umelala."

"Sasa hivi nimemtumia picha ya aiskrimu, nalala vipi?"

Jumana alikuwa ameshashika kichwa. "Bibi, kuna balaa. Antalya saa hizi mchana! Wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na kiangazi jua lao linachelewa mno. Ukitokea na giza hili umekwisha."

Bi Khole alitazama nje. Giza, kweli, na joto la kuivisha mayai. Simu ikakatika, ikaanza tena. Akainuka, akauvuta mtandio, akasema kama jemadari, "Basi nitafutieni jua."

Hapo nyumba nzima ikarukwa na akili. Khalil, mtu mzima, mkubwa wa idara katika wizara, alitoka mbio na kanzu ameipandisha magotini, akaileta gari mpaka pua yake ikagusa baraza, akawasha taa kubwa. Ukuta ukawaka. Maua yakawaka. Bi Khole akabandikwa kwenye kiti mbele ya ukuta, miwani ya jua puani, gilasi ya maji ya ndimu mkononi. Manal akaburuta feni kwa waya mrefu, akampulizia ubavuni ili mtandio upepee kwa hewa ya Mediterania. Jumana akaishika simu, anatetemeka kwa kicheko.

"Bibi, usigeuze kichwa. Upande wa kulia ni Oman."

Akaipokea.

"Wifi!" Mahbuba akajaa kiooni, na nyuma yake wanawake wote wa kahawa, wamejipanga na vikombe vyao kama wanaotazama mpira. "Eee, mashaallah, jua hilo! Sisi huku giza zamani."

"Jua gani, wifi! Huku linawaka mpaka mtu anasahau jina lake," Bi Khole akasema, na hapo hakusema uongo sana, maana taa za gari zilikuwa zinamtia machozi. "Upepo unauona?"

"Nnauona. Unavuma upande mmoja tu?"

"Ndivyo unavyovuma Antalya. Una mpango."

Manal akageukia ukuta, akauma ncha ya mtandio wake.

"Na hivyo vidudu vinavyokurukia usoni?"

Kweli, taa zilikuwa zimeita kila mdudu wa Bustan. Kimoja kikaingia ndani ya gilasi. Bi Khole akakitazama, akanywa upande wa pili. "Vipepeo hivyo. Wao huku vipepeo vyao vidogo, vina adabu."

Wanawake wa kahawa wakaitikia, "Subhanallah." Mmoja akasema, "Mahbuba, Iskandaria ulituambia kuna upepo, vipepeo hukutuambia." Mahbuba akakohoa. Bi Khole akaona furaha inampanda kutoka vidole vya miguu. Miaka miwili! Akajinyoosha kitini, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Iskandaria pazuri," akasema kwa upole wa kuua, "kwa kuanzia."

Ukumbi wa Hail ukacheka. Mahbuba uso ukamvimba. Akatafuta la kusema, akalipata, akalitoa pole pole:

"Haya wifi, alhamdulillah, umestarehe. Ila starehe hizo zote, kuogelea, aiskrimu... sala jee? Maana wengine wakishaona bahari ya watu, sala zinawapita kama basi."

Lo! Hapo alimgusa pasipoguswa. Bi Khole umri wake wote hajachelewesha sala, hata siku ya harusi yake bwana harusi alimngoja. Akaivua miwani, akainuka, kidole juu.

"Mie? Sala inipite mie? Mahbuba, mcheze mwingine! Magharibi nshasali kwa wakati wake, na sunna zake juu, na uradi, na mswala wangu ule pale haujapoa! Wewe ushasali?"

Huko Hail shingo zikanyooka. Vikombe vikasimama hewani. Jumana akafumba macho.

"Nshasali," Mahbuba akasema taratibu, na uso wake unaanza kupanuka kama andazi ndani ya mafuta. "Ushasali magharibi, wifi."

"Kwa wakati wake!"

"Na hilo linalokupiga puani ni nini?"

Bi Khole akageuka. Akautazama ukuta unaowaka. Akaitazama gari. Na Khalil, ndani ya gari, mwana mtiifu asiyeweza kumwona mama yake anahojiwa, akafanya lile moja lililomjia: akazima taa.

Jua la Antalya likazama, tap, kama limekatwa na kisu. Giza tupu. Feni tu inavuma.

"Si unaona?" ikasikika sauti ya Bi Khole humo gizani. "Ndiyo lishatua."

Kicheko kilichotoka Hail kiliitingisha simu mkononi mwa Jumana. Wanawake walikuwa wanapigana makofi ya mapaja, kahawa inamwagika, na katikati ya makelele hayo Mahbuba akapata pumzi ya kuita:

"Khalil! Khalil, mtoto wa kaka yangu! Hebu liwashe tena hilo jua, baba, wifi yangu simwoni!"