Msijaze Chini ya Sakafu

Ninyi mnaojenga kwenye udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, someni haya kabla hamjamwaga zege.

Nyumba yangu ya kwanza ilipata nyufa mpaka mkono ukawa unapenya ukutani. Ya pili aliichora binti yangu, mhandisi. Alinieleza kwa kuishika meza ya jikoni: miguu ndiyo nguzo za zege, zinashuka chini sana hadi kwenye udongo usiocheza, ubao wa juu ndiyo sakafu, ina nondo zake na inakalia nguzo tu. Kati ya sakafu na ardhi lazima ibaki nafasi, udongo ukivimba upate pa kwenda. Ndiyo maana mafundi walipanga maboksi ya karatasi ngumu, yabebe zege mpaka likomae, halafu yaoze yenyewe.

Sasa kaka yangu, tunayemwita Meneja kwa kupenda kuamuru, akapita pale nondo hazijalazwa. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akauliza binti anajenga nyumba au anahama. Kisha akawaamuru mafundi watoe maboksi upande wa chumba changu, wajaze kifusi na kushindilia. Mtu mzima mwenye sauti kubwa, nani atambishia? Wakajaza.

Mimi roho haikutulia. Nikampigia binti, akasema nondo isilazwe hata moja mpaka afike. Basi nikasimama juu ya kile kifusi, sibanduki, Meneja akiniita askari wa maboksi.

Binti alifika, akamwamkia mjomba wake kwa adabu, akachutama, akakibonyeza kifusi.

"Mjomba, hapa umemwekea Mama jeki chini ya kitanda. Mvua ya kwanza itampandisha."

Meneja akavua shati, akashika koleo, akaanza kukitoa mwenyewe, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wana maneno.

Maboksi yakarudishwa, zege likamwagwa, tukahamia, na mvua zikaja za kutisha. Kila asubuhi nilipapasa kuta kama ninavyompapasa mtoto mwenye homa. Hakuna ufa. Milango ikafungika vizuri. Bado sikuamini, mpaka binti aliponiinamisha kwenye tundu lililoachwa nje la kuchungulia, akamulika tochi. Udongo ulikuwa umepanda kweli, umevimba kama andazi, lakini sakafu haujaigusa.

Nikakaa pale pale kwenye tope. Binti akaniambia niinuke, nachafua gauni. Nikamwomba aniache kidogo, nipumue.