Harufu Ambayo Mke Wangu Hakuisikia

"Daktari, unanuka mayai viza," nilimwambia mke wangu alipoingia jikoni mchana ule, nguo zikimchuruzika maji ya mvua.

"Ndiyo salamu siku hizi, Bucha?"

"Salamu baadaye. Kaa mbali na nyama yangu."

Akacheka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Alisema kichwa kinamgonga, amekuja kunywa chai na kubadili nguo, kisha arudi kazini.

Niseme kwanza kazi yenyewe, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Mke wangu ni mwanasayansi wa betri. Tulihama kwetu kwa ajili ya kazi yake. Mimi niliacha bucha langu, na sasa nakata nyama kwenye ghala la baridi la watu wengine. Betri nyingi zina majimaji ndani, na majimaji hayo ni rahisi kushika moto. Yeye alikuwa anatafuta unga mkavu wa kuchukua nafasi yake, na aliupata. Unapitisha umeme vizuri ajabu. Shida ni kwamba unga huo na unyevu haviivi. Ukiguswa na hewa yenye maji hutoa gesi ya sumu, inayonuka mayai viza. Kwa hiyo waliufanyia kazi kwenye chumba maalumu, chenye mashine ya kukausha hewa isiyozimwa kamwe.

Kesho yake wafadhili walikuwa wanakuja kuuona. Wakiupenda, mkataba wa mke wangu unaongezwa. Wasipoupenda unakwisha, na kibali chetu cha kuishi pale kinakwisha nao. Hilo nyumbani kwetu halikuwa siri. Hata binti yetu alishaacha kuomba baiskeli.

"Sikutanii," nikamwambia. "Ni nguo zako. Nusa mkono wa shati."

Akanusa. "Sisikii kitu."

Mimi shule niliiacha mapema, lakini pua yangu imenilisha maisha yote. Nikamwambia anuse tena. Akanusa, akaacha kucheka. Akachukua chupa ya siki mezani, akaifungua, akaibandika puani. Machozi yakamtoka.

"Bucha," akasema taratibu, "siki haina harufu."

"Haina harufu vipi? Mimi naisikia kutoka huku!"

Akaketi. Rangi ilimtoka usoni nikimwona. "Gesi ile ikizidi inaua pua kwanza. Asubuhi niliisikia kidogo, halafu ikapotea, nikajua imekwisha. Kumbe haikuondoka. Mashine ya kukausha itakuwa imekufa na mvua hii." Akaninyanyulia macho. "Redio yumo ndani."

Redio ni fundi wa maabara yao, mhamiaji kama sisi. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki. Siku tuliyofika ndiye aliyetubebea magodoro hadi ghorofa ya nne, anasimulia ngazi hata ngazi, na mimi "shemeji" wake tangu siku hiyo. Ukimpigia simu, ameshaanza kuongea kabla hujaiweka sikioni.

Mke wangu akampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Si mna king'ora cha gesi?" nikauliza. "Mbona hakijalia?"

Akainamia simu yake.

"Basi piga zima moto!"

Akabonyeza namba, kisha kidole kikasimama juu ya kile kitufe cha mwisho. "Wakija wataifunga maabara," akasema. "Na kesho..."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kesho nini?"

"Labda yuko chooni. Labda simu kaiacha kwenye koti."

Huyu ni mwanamke anayeamka kitandani kumfungulia nyuki dirisha. Nilimtazama kama mgeni niliyemkuta jikoni kwangu. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila aliitazama ile simu kana kwamba imemuuma, akabonyeza. Akataja jengo, ghorofa, aina ya gesi, akasisitiza waje na mitungi ya hewa. Alisema yote bila kurudia neno.

Maabara iko nyuma ya majengo yetu, kuvuka barabara. Tulikimbia na mvua. Mlangoni alipiga kengele ya hatari, watu wakamiminika nje wakinung'unika na vikombe vyao mkononi. Sisi tukaingia. Harufu ilinipokea koridoni, nzito, nikaisikia hata kwenye meno.

Mlango wa kile chumba una kioo. Nikachungulia. Redio alikuwa amelala kifudifudi kando ya meza, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni.

Nikashika kitasa. Mke wangu akanishika mkanda.

"Niache! Si huyo hapo?"

"Ukivuta pumzi mbili utalala juu yake!"

"Nitaziba pumzi!"

"Wote husema hivyo! Hufiki naye mlangoni!"

"Sema tu unawaogopa wafadhili wako!"

Ndivyo nilivyomwambia. Hakuniachia. Alinikumbatia kiunoni, akakaa chini na uzito wake wote, tukaanguka pamoja. Nilikuwa bado namsukuma pale watu wa zima moto walipofika na barakoa zao, wakatuburuta nje kama paka, kisha wakaingia.

Walimtoa Redio na kumlaza chini ya paa la kuegeshea magari. Midomo ilikuwa ya bluu, na imefungwa. Sijawahi kuuona mdomo ule umefungwa, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko ile rangi. Wakamvisha barakoa ya hewa. Tukangoja. Mke wangu alisimama kando yangu, hatutazamani.

Kisha kifua kikapanda. Akakohoa, akakohoa tena, akaivuta barakoa pembeni. "Shemeji..."

Mhudumu akairudisha. Redio akaivuta tena.

"Mwambieni huyu atulie!" mhudumu akafoka.

"Hajui kutulia," nikasema, na nikaanza kulia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Mkuu wa maabara akafika na mwavuli. Alimtazama Redio akipakiwa kwenye gari la wagonjwa, halafu akamgeukia mke wangu.

"Wanasema king'ora kimekutwa kimezimwa kwa mkono. Nani alikizima?"

Mke wangu alikuwa bado analitazama lile gari.

"Mitambo ni kazi ya fundi, sivyo?" akasema, kwa upole sana, akausogeza mwavuli umkinge mke wangu naye. "Fundi akizembea, wafadhili wataelewa. Utafiti wako hauna kosa."

Nilimtazama mke wangu. Nilijua anahesabu nini: shule ya mtoto, kibali, miaka yote ya kupika ule unga. Na hata mimi, Mungu ananiona, kuna kipande changu kilichotaka anyamaze.

Akatoka chini ya mwavuli.

"Ni mimi," akasema. "Nilikizima wiki iliyopita. Kilikuwa kinalia ovyo, nikachoka nacho. Fundi alinikataza, sikumsikiliza."

Mkuu wake akaushusha mwavuli.

"Unajua unachokisema?" akamuuliza.

"Najua."

Mhudumu akamwita kutoka garini. "Na wewe mama, panda! Macho hayo lazima yaonwe."

Akanigeukia. Meno yalikuwa yanagongana. "Bucha, bado nanuka?"

"Unanuka," nikasema. Nikamvulia koti langu, nikamfunika mabega.

Akapanda, akaketi karibu na kichwa cha Redio. Redio akaivuta barakoa mara nyingine, na sauti yake, imekwaruza kama mlango mbovu, niliisikia nikiwa kule nje kwenye mvua.

"Dada, nilikwambia. Nilikwambia kile kitu usikizime."

"Uliniambia," mke wangu akasema.

Milango ikafungwa. Tukabaki mimi na mkuu wake, yeye na mwavuli wake, mimi bila koti.