Ndiyo Yenye Makamasi

Kwetu Magongo, bibi harusi hujibu kwa kunyamaza. Somo yangu, Bi Mwanarehema, alinifunda wiki nzima: baba akija kukuuliza kama umeridhia, inamisha kichwa. Ukinyamaza, ni ndiyo. Ukilia, ni ndiyo yenye adabu.

"Na la huwaje?" nilimuuliza.

"La ya nini, mwanangu? Watu washapika."

Siku ya nikaha niliamka mzima kabisa. Nilimpenda Sameer kabla ya chai, nikamchukia baada ya chai, na waliponifukiza udi nikampenda na kumchukia kwa pumzi moja. Nilitamani kwenda kwake hata kwa miguu. Nilitamani pia kujifungia chumbani na mama mpaka wageni wamalize biriani, waondoke zao.

Baba akaingia na mashahidi wawili. Bwana harusi alikuwa msikitini akisubiri jibu.

"Shaza, mwanangu."

"Abee, baba."

"Waniruhusu nikuozeshe Sameer?"

Nikainama. Machozi yakatoka, mazuri, ya kufundwa. Kisha nikamwona baba naye anajifuta macho kwa kofia yake, kicheko kikanipasuka. Nikawa nalia na kucheka, sijui kipi kinamsukuma mwenzake.

"Ana jini," akanong'ona mmoja wa wanawake waliojaa chumbani.

"Furaha hiyo."

"Furaha gani ina makamasi?" Shangazi Khairiya akauliza.

Shahidi mmoja, Ami Luqman, akakuna ndevu. "Kilio twakijua. Kicheko hiki sikielewi. Pengine hataki. Tuahirishe, inshallah siku nyingine."

Siku nyingine! Baba uso ukamshuka, akageuka aende kumwambia Sameer arudi kwao. Wiki nzima ya kufundwa, na hakuna aliyenifunza la kufanya hapo. Nikainua kichwa.

"Nimeridhia, baba!" Nadhani hata wapishi uani walisikia. "Nampenda. Namwogopa. Sitaki kuwaacha. Niozeshe!"

Baba akanibusu kipaji, akatoka mbio kama yeye ndiye anayeoa.

Mlango haujafungwa, Shangazi Khairiya akanivaa. "Bibi harusi gani apiga kelele kama mnadi samaki? Watatuonaje wakwezo? Muombe radhi somo yako, na wao wakija uwaombe pia."

Nikapenga kamasi kwenye leso yake.

"Siombi, shangazi."

"Wasemaje?"

"Wallahi siombi. Nimeulizwa, nimejibu."