Mifuko Minne kwenye Ukurasa

Ofisini walimwita Mtaalamu, na yeye, maskini, hakuwahi kushtuka kwamba wanamdhihaki. Ndiye aliyeandika kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, cha ile tovuti ya hospitali iitwayo wiki, zile kurasa ambazo kila idara hujaza habari zake na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Kiendelezi chake kilikuwa na kazi moja tu: kuiuliza benki ya damu imebakiwa na mifuko mingapi ya kila kundi, kisha kuandika jibu kwenye ukurasa.

Kiliuliza kila mara ukurasa ulipofunguliwa, kwa hiyo ukurasa ukawa unajikokota. Bosi akanuna. Mtaalamu hakutaka maneno mengi. Alifuta mstari mmoja, ule uliokuwa ukiikataza wiki kuuhifadhi ukurasa huo ukishapikwa, yaani ukishaandaliwa na hesabu zake. Tangu hapo wiki ikawa inaupika mara moja kwa siku, halafu inawagawia watu kiporo. Lakini ulifunguka fyuu! Bosi alimpigia makofi mbele ya kikao kizima. Na msimsingizie kwamba hakuujaribu; aliujaribu sana, kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambako alikuwa amezima uhifadhi wote ili usimsumbue kazini. Kwake hesabu ilikuja mpya kila alipobonyeza. Kosa angelionea wapi?

Siku chache baadaye mkewe alilazwa hospitali hiyo hiyo ajifungue kwa upasuaji. Daktari alisema huenda damu ikahitajika, na kundi lake ni la shida kupatikana. Kaka wa mke, mwenye kundi hilo hilo, alifika asubuhi na mapema, mkono wa shati umeshakunjwa.

"Shemeji, nenda zako kazini," Mtaalamu alimwambia, akimwonyesha simu kwa mbwembwe. "Mifuko minne ipo. Mambo ya kubahatisha tulishayaacha."

"Mmemuuliza muuguzi lakini?" mama mkwe akadakia.

"Mama, muuguzi naye anasoma hapa hapa."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, bahati mbaya. Shemeji akakunjua shati, akaondoka.

Jua lilikuwa limeshapanda muuguzi alipotoka chumba cha upasuaji mbio mbio.

"Mtoto mzima, lakini mama anatokwa na damu nyingi na friji ni tupu! Mifuko yote ilitumika jana kwa majeruhi wa ajali. Mna ndugu wa kundi hili?"

Mtaalamu alitazama simu yake. Mifuko minne. Ukurasa ulifunguka haraka ajabu, hongera zake. Akampigia shemeji.

"Rudi! Damu hakuna!"

"Acha utani, shemeji. Nimetazama sasa hivi, mifuko minne. Huyo muuguzi wako hajui kusoma?"

"Usiutazame huo ukurasa! Ni wa jana."

"Nani kakwambia?"

Mama mkwe alikuwa amesimama ubavuni pake, ameshika kanga ya binti yake, anasikia kila neno.

"Mimi ndiye niliyeufanya uwe wa jana," akasema. "Geuza gari, nakuomba. Dada yako anakufa."