Nambari ya Nguzo

Mzee Chaki hakutaka mwenza. Mkuu wa idara ndiye aliyemwamulia: somo la nguzo wafundishe wawili, yeye na ubao wake, na mhadhiri mmoja kijana wa kike, mwanafunzi wake wa zamani, na kompyuta zake. Wanafunzi wapige hesabu kwa mkono, waijaribu kwenye kompyuta, kisha waingie karakana wavunje kitu wajionee.

"Wavunje!" Mzee alimwambia mhadhiri huyo, akicheka kwa dharau. "Haya, mama, tuvunje."

Basi siku hiyo ilikuwa nguzo nyembamba ya chuma, chini imebanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, juu haikushikwa na kitu. Ubao ukasema itabeba kilo kumi na mbili. Kompyuta ikasema tatu. Loo! Darasa likageuka soko.

"Mashine haina akili," Mzee akasema. "Inasema ulichoiambia."

Mhadhiri kijana hakubisha. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. "Tupakie, mwalimu," akasema tu.

Wakapakia mawe ya mizani. Kilo moja, mbili, tatu. Walipoongeza nusu, nguzo ikapinda mbele ya watu arobaini. Wengine wakaangua kicheko. Mzee alifungua daftari lake. Miaka mitatu nyuma daftari la kwanza lililowa mvua, akalinakili upya kwa mkono, na kwa kiburi cha kuijua kazi hakurudia kuangalia. Kwenye nguzo isiyoshikwa juu, nambari ya kuzidishia urefu aliandika moja, ile ya mstari uliotangulia. Ilitakiwa mbili. Kosa dogo kwa macho, lakini nguzo hulilipia mara nne.

Akahesabu miaka. Madarasa matatu yamehitimu kwa daftari lile, na kitindamimba wake mwenyewe yumo, sasa mhandisi kazini.

Mhadhiri kijana akamsogelea, akanong'ona, "Mwalimu, tuseme jiliwa lililegea. Nitawaambia mimi."

Alikuwa anamsitiri. Na Mzee, tuseme kweli jamani, alitamani sana. Miaka thelathini na moja ya heshima, iishe kwa kilo tatu na nusu! Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa wa kufa wangekuwa watu wengine.

"Jiliwa ni zima," akawaambia wote. "Nimekosea mimi. Andikeni mbili. Na anayemjua yeyote aliyehitimu hapa miaka mitatu hii, ampigie simu sasa hivi."

Akatoa yake, akampigia binti yake, yule kitindamimba.

"Mwanangu, ile nguzo ya tangi la maji pale shuleni, juu imeshikwa na kitu?"

"Haijashikwa, baba. Tangi tumelijaza leo asubuhi, bado niko hapa. Kwani vipi?"

"Hesabu yake uliipiga kwa kompyuta?"

"Kompyuta iliikataa nguzo, baba, ikasema haitabeba," binti akasema, hana hata wasiwasi. "Nikafuata daftari lako."

"Watoe watoto," Mzee akasema. "Watoe wote. Kimbia!"