Ndugu Wawili, Madirisha Mawili

Jumanne saa tatu na dakika arubaini asubuhi, seva ya ofisi ya vyeti iliyo nyuma ya pampu ya petroli mjini Ibra, Omani, ilikwama, na Bi Ghaniya akakwama nayo. Alikuwa amekaa mbele ya dirisha la wanawake, tikiti nambari 4417 mkononi, finjani ya kahawa imefika nusu ya njia kwenda mdomoni. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, mbele ya dirisha la wanaume, ndugu yake Harub alikwama na tikiti 4418, kidole kimeinuka, kwa sababu alikuwa akimsahihisha karani.

Hawakufa. Macho yalikuwa wazi, pumzi zikenda taratibu, na hata siku ya Alhamisi kahawa ilikuwa bado ya moto. Mfagiaji alipiga deki akiwazunguka. Waliokuja na shida zao walikaa viti vya pembeni, wakaona mashine haifanyi kazi, wakaondoka.

Alhamisi hiyo akaletwa Hiba kutoka Nizwa. Ni mjukuu wa Bi Ghaniya, lakini hakuitiwa bibi, aliitiwa seva. Kazi yake ni kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayoamua nani ashike diski na nani angoje. Alipoingia alisema, "Shikamoo Bibi," akakaa kimya muda unaotosha marahaba, kisha akaenda chumba cha seva.

Mudir wa ofisi, Ghassan, alimwambia kuwa adhuhuri mashine itazimwa na kuwashwa upya. Hiba akauliza waliokwama itakuwaje. Ghassan akasema tawi la Mudhaibi lilizima yao mwaka jana, na waliokuwa wakingoja wakafutika pamoja na kazi zao. Vilibaki viatu, jozi tatu. Jamaa walipigiwa simu wakaja kuvichukua.

"Siku mbili nimewasubirisha watu kwa ajili ya wawili," akasema. "Adhuhuri, khalas."

Ilikuwa saa nne na robo.

Hiba akaitazama orodha ya kazi zote zilizomo ndani ya seva. Mbili zilikuwa katika usingizi ule ambao kazi haisikii ikiitwa, wala haiwezi kuuliwa. Nambari zao zilikuwa 4417 na 4418. Akaziandika kwenye karatasi. Kisha akaiamuru seva imwoneshe kila moja imepita wapi mpaka ikafika iliposimama, akarudi nyuma nayo hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo kwenye mchanga.

Saa tano na nusu akaona. Kazi 4417 imelifunga jalada la Ghaniya kwa kufuli, na inangoja jalada la Harub. Kazi 4418 imelifunga jalada la Harub, na inangoja jalada la Ghaniya. Kila moja imekamata kitu anachokitaka mwenzake, na hakuna aliyefunzwa kuachia.

Shukriya, karani wa dirisha la wanawake, alimweleza ilivyokuwa. Wawili hao walizaliwa Unguja na karatasi zao hazikuvuka bahari. Asiye na cheti cha kuzaliwa hushuhudiwa na ndugu, na kanuni inataka shahidi naye achukue tikiti, akae dirisha lake, jalada lake lifunguliwe papo hapo. Dada wawili huwa salama, dirisha lao moja. Dada na kaka hukwama pale makarani wote wawili wanapobonyeza kwa mpigo mmoja. Hawa walikuja kila mmoja kuomba chake na kumshuhudia mwenzake. Bi Ghaniya alikitaka cheti kwa operesheni ya jicho, Nizwa, Jumapili asubuhi. Jicho la pili lilishakwenda.

Hapo hapakuwa na njia ila moja kati ya kazi mbili irudishwe mikono mitupu. Hiba hakuwahi kumfanyia hivyo mtu anayemjua. Saa sita kasoro dakika nne, Ghassan kidole chake kiko kwenye swichi, Hiba akachagua 4417. Matusi ya bibi yake alikuwa ameshayazoea.

Bi Ghaniya akanywa kahawa. Fomu yake ilikuwa imegeuka nyeupe. Upande wa pili Harub akamaliza kumsahihisha karani, akapewa cheti chenye muhuri.

"Mbona umekonda?" Bi Ghaniya akamuuliza mjukuu wake. Hiba akamweleza yote. Bibi akasikiliza, kisha akasema, "Ungemtupa Harub. Yeye macho anayo."

Hiba akampelekea Ghassan marekebisho, mistari sita: kazi inayotaka majalada mawili ianze siku zote na lenye nambari ndogo. Hatokwama mtu tena. Ghassan akayasoma, akayasifu. Akasema hayawekwi bila sahihi ya tawi la Bahla.

"Basi wapigie Bahla."

"Bahla hawatii sahihi kabla yetu."

"Na nyinyi?"

"Sisi hatutii kabla ya Bahla."

Ofisi hufungwa saa nane, na baada yake ni Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko. Bi Ghaniya akachukua tikiti nyingine, na Harub, ingawa cheti chake kilikuwa mfukoni, akachukua yake ya ushahidi. Hiba akamwomba Shukriya asibonyeze mpaka asikie kibonyezo cha upande wa pili. Shukriya akaahidi. Ukuta ule hauoneshi mtu, na si adabu karani wa kike kupaza sauti kwa wanaume. Nasr, karani wa upande wa pili, alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa ameshaamua peke yake kumtanguliza Shukriya.

Wakangojana. Bi Ghaniya akamiminiwa kahawa. Shukriya akahesabu mpaka kumi, akaona mwenzake anaona haya. Nasr naye akahesabu mpaka kumi.

Vibonyezo viwili vikatoa mlio mmoja.

Finjani ilisimama nusu ya njia, ikitoa mvuke. Hiba akavuta kiti cha plastiki, akakaa ubavuni kwa bibi yake, akafungua laptopu.

Ghassan akachungulia mlangoni. "Jumapili," akasema. "Adhuhuri."