Komba wa Umm Salal

Gari jeupe la mkaguzi wa wanyama lilipokata kona na kuingia shambani, nilikuwa nimesimama mlangoni na mnyama kifuani. Alikuwa amelala ndani ya kimfuko nilichokishona kwa kipande cha leso, nikakitia kamba, nikakivaa shingoni na kukiteremsha ndani ya dera, pale penye joto. Moyo wake niliusikia ukipiga upesi upesi karibu na wangu. Nahashon, mume wangu, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, bado kavaa sare yake ya ulinzi. Aliniangalia, akatikisa kichwa. Tulikuwa tumeshagombana juu ya kumficha mpaka maneno yakatuishia.

Wanyama wetu Wazungu huwaita shuga glaida. Asili yao ni Australia. Ni vijinyama vya kijivu vya kuenea kiganjani, macho makubwa, na kati ya mikono na miguu vina ngozi ya kukunjuka ambayo huitanda vikiruka kutoka tawi hadi tawi. Mchana hulala, usiku ndipo huamka. Mimi, siku ya kwanza nilipowaona wakilamba asali kwenye kijiko na kufumba macho kwa utamu, nilisema, hawa ni komba tu. Baba yangu alikuwa mgema kule Kaloleni, na nimekua nikimsikia akiwalaani komba waliompandia minazi usiku na kunywa tembo kwenye vibuyu, alfajiri akawakuta wamelala chini chakari, hawajui kwao wala kwa jirani. Basi jina likashika. Nahashon ni Mkisii wa Nyamira, komba hajapata kumwona hata siku moja, lakini naye akaita komba kwa kuwa mkewe kaita komba. Kiswahili ndiyo lugha ya ndoa yetu, na mwalimu wake ni mimi.

Tuliwafugia katika ghala kuukuu la tende, kwenye shamba la Abu Jasim hapa Umm Salal, huku ughaibuni, mzee Mwarabu aliyetupa chumba na kukubali biashara ikae chini ya jina lake. Wateja walikuwapo, hasa kule The Pearl, mtaa wa matajiri, watu wenye nafasi na upweke wa kutosha. Lakini bila kibali cha ufugaji hatuuzi hata mmoja, na bila kuuza Nahashon haachi kazi ya usiku. Hilo ndilo nililolitaka, wala sikuficha. Yeye alikuwa akilinda jengo moja huko The Pearl usiku kucha. Mimi nikimwuguza bibi mmoja mtaa wa Muaither mchana kutwa. Tulikutana mlangoni, mmoja anaingia, mwingine anatoka, tunapeana funguo na salamu. Kitanda chetu hakikupata kupoa, ila kililalwa na mtu mmoja mmoja.

Masharti ya kibali tuliyatimiza moja baada ya jingine, na mengine yalitutoa jasho. Matundu yakawa marefu ya kurukia. Kipoza hewa kikawa hakizimwi kiangazi wala kipupwe. Chakula kikapimwa, daktari wa mifugo akawaangalia meno na macho. Likabaki moja lililonikaa kooni: asiwepo mnyama anayeishi peke yake. Hawa ni viumbe wa kulaliana. Akiachwa mpweke, hujinyonyoa manyoya, huacha kula, na mwisho hufa bila ugonjwa wowote wa kutajika.

Nami nilikuwa na Tunu. Mwenzake alikufa, nikamtia Tunu kwenye tundu la dirishani walimokuwa wawili wengine, wakamvamia. Nilimtoa na sikio limechanika. Tangu siku hiyo akawa wa kifuani pangu, nikienda naye sokoni, nikipika naye, nikilala naye, hata kwa yule bibi wa Muaither nikafika naye chini ya aproni. Nahashon alinisihi nijaribu tena, nami nikamwambia watamwua. Ukweli ni kwamba nilimpenda, na niliogopa kurudi kwenye kitanda kile nikiwa peke yangu.

Mkaguzi alishuka garini taratibu. Aliitwa Dakta Khalfan, mtu wa Omani, mnene, mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kutarizi kwa mkono. Kofia ile ingenizindua, lakini wapi. Alitusalimia kwa Kiingereza, nasi tukamjibu kwa Kiingereza, tukamkaribisha. Alipoinama kuvua viatu, Nahashon alinisogelea.

"Mtoe, Millicent. Tumwambie kweli."

"Komba wangu simtoi," nikamjibu, wala sikushusha sauti. "Huyu mzee tumbo lake ndilo litakalotangulia kuingia, mwenyewe afike kesho. Hataona kitu."

Ndivyo tulivyozoea. Katika mji huu Kiswahili ndicho chumba chetu cha ndani. Tunasemea humo mbele ya tajiri, mbele ya muuza duka, ndani ya lifti iliyojaa watu, na hakuna anayegeuka. Dakta Khalfan naye hakugeuka. Aliingia, akapima matundu, akanusa chakula, akaweka mkono mbele ya kipoza hewa na kusikiliza. Akachungulia kila mfuko wa kulalia uliotundikwa, akihesabu vichwa kwa upole asije akawaamsha. Akauliza maswali machache, tukajibu vizuri. Nilianza kuona saini kwa mbali. Alipomaliza alikubali kukaa, akapokea kikombe cha kahawa, akanywa chote, akakitikisa kuonyesha kwamba kimemtosha. Kisha akaniangalia.

"Tumbo langu limeshafika, binti yangu, nami nimefika," akasema kwa Kiswahili cha Unguja, laini, kila silabi mahali pake. "Sasa nionyeshe huyo komba."

Yarabi, ardhi ingepasuka siku ile ningeingia na viatu vyangu. Nahashon aliangalia dari. Nilijaribu kusema shikamoo, ikatoka nusu. Mzee aliitikia marahaba kama anayeitikia mwanawe. Alitueleza kwamba mama yake alizaliwa Ng'ambo ya Unguja, kwamba huko Maskati alikokulia alibembelezwa na kukemewa kwa Kiswahili, na kwamba tangu mama huyo afe hajapata mtu wa kumtukania tumbo kwa lugha hiyo. Hapo macho yake yalicheka kidogo. Halafu yakaacha.

"Lakini komba namjua," akasema. "Ni mnyama wa mwituni kwenu, hafugwi hapa. Nyumba yenye komba siitilii saini."

Basi nikaona mtego wangu mwenyewe. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa wanyama. Nikimtoa Tunu nimsafishe na hilo jina, nimejidhihirisha mwongo. Neno la kule kwa baba, nililolisema kwa mapenzi, lilikuwa limenifunga mikono. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa kimfuko, nikakiweka mapajani kwa mzee.

Alikifungua kwa vidole viwili. Tunu akatoa kichwa, akapiga miayo, akarudi ndani. Mzee akamtoa polepole, akamlaza chali kiganjani, akapapasa tumbo mpaka akakipata kile kijimfuko cha kubebea watoto, kidogo kama tundu la kifungo. Akakiinamia kukitazama vizuri.

"Komba hana mfuko," akasema. "Huyu si komba. Ni wenu huyu. Kwa nini yuko peke yake?"

Nikamwambia wenziwe walimvamia. Nikamwonyesha sikio. Alimwinua Tunu mpaka puani, akamnusa kama mtu anayenusa utosi wa mtoto mchanga, kisha akanirudishia.

"Ananukia mafuta ya nazi," akasema. "Ananukia asmini, na vitunguu, na wewe. Wenziwe watamjuaje? Humwambii kwamba yeye ni mnyama."

Machozi yalinitoka mbele ya mgeni, jambo nisilolipenda kabisa. Mzee alingoja yapite. Akasema hatunyimi kibali, anakiahirisha. Atarudi baada ya wiki chache, na akimkuta Tunu ana mwenzake, atatia saini siku hiyo hiyo. Akimkuta kifuani, hatatia. Alipokuwa akivaa viatu aliitazama sare ya Nahashon, akautazama mkoba wangu wa kazi uliokuwa tayari mlangoni.

"Na nyinyi? Hukaa pamoja saa ngapi?"

Nahashon si mtu wa maneno. "Hapo ulipo, baba," akasema. "Mlangoni."

Siku hiyo hiyo nilimtoa Tunu shingoni. Nikamtia kwenye tundu dogo karibu na lile la dirishani, na kimfuko chake nikakitundika kwa wale wawili, chao nikampa yeye, wanusane kwa kupitia vitambaa. Nikaacha asmini, nikaacha mafuta. Alilia. Sauti yao ni kama kijibwa kinachobweka mbali, kinaita na kungoja, kinaita na kungoja, nami nilijifunika mto nisisikie. Kazini kule Muaither, mkono wangu ulikuwa ukijiendea wenyewe kifuani kila nilipoinama, ukikuta nguo tupu. Yule bibi aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu, naye akanipa tende mbili kama anayempa mtu aliyefiwa.

Ikabaki kazi ya kuwakutanisha, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inatakiwa mahali pasipo na harufu ya yeyote, na watu wawili wenye mataulo, tayari kuwatenganisha. Wanyama wenyewe huchangamka jua likizama, wakati ambao Nahashon huwa ndani ya basi la kazini. Nilidhani atasema haiwezekani. Kumbe alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake, Harun, akaja kuniambia huku anatazama vidole vya miguu yake.

Basi magharibi ile tulikaa sakafuni bafuni, tumeegemea ukuta, bega kwa bega, beseni kubwa la kuogea mbele yetu, mataulo mapajani. Sikukumbuka mara ya mwisho tulipokaa hivyo. Nahashon alinukia sabuni ya kufulia na mwili wake wa kawaida, harufu niliyokuwa nikiikuta kwenye mto tu. Tukawaachia wale wawili upande huu, Tunu upande ule.

Walisimama wakatazamana. Mmoja akatoa ule mlio wao wa kukwaruza, akamrukia Tunu. Mkono wangu ulishanyanyuka na taulo, nikaapa moyoni kwamba namrudisha kifuani na kibali kiende zake. Nahashon akaushika mkono huo, akaushusha, asiuachie.

"Ngoja kidogo."

"Atamwua."

"Ngoja, mke wangu."

Hakuwa amemwuma. Alikuwa amemshika shingo, anamnusa, anamnusa tena, kama anayetafuta neno analolijua nusu. Kisha akaanza kulilamba lile sikio lililochanika. Wa pili akaja akajipenyeza kati yao. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi, lakini pia niliona wivu mkali kiasi cha kunichoma, na nikamwambia Nahashon hivyo hivyo. Hakunicheka. Tulikaa pale mpaka matako yakafa ganzi, mkono wangu bado umo ndani ya wake.

Dakta Khalfan alirudi asubuhi, kama alivyoahidi. Safari hii alitusalimia kwa Kiswahili tangu getini na kuuliza kama tumbo lake linaruhusiwa kupita. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu la dirishani, penye mfuko mmoja tu uliovimba. Akaufungua. Ndani mlikuwa na manyoya ya kijivu yaliyosokotana, mikia haijulikani ya nani, vichwa vitatu vimelaliana.

"Yupi komba wako?" akaniuliza.

Niliinama, nikatazama. Nilitafuta sikio lililochanika, lakini masikio yote yalikuwa yamefunikwa na shingo ya mwingine. Nikanusa. Hapakuwa na nazi, wala asmini, wala mimi.

"Sijui, baba," nikasema.

Mzee akaufunga mfuko, akatoa kalamu, akatia saini juu ya goti lake.

Alipoondoka nilichukua mkoba wangu wa kazi. Nahashon alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sare hajaivua, na karatasi ile kaishika kwa mikono miwili. Nilimpa shavu la kuaga kama kawaida yetu. Yeye akanivuta nikakaa, akaegemeza kichwa kifuani pangu, pale pale kamba ilipokuwa imeniachia alama.

"Mwenzangu alikuwa anapafaidi hapa," akasema.

Nikataka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo, lakini alikuwa ameshalala. Simu ikaita kutoka Muaither, ikanyamaza, ikaita tena. Kichwa chake kilikuwa kizito na chenye joto. Nikakaa vile vile, nisimwamshe.